Siku Tulizoamini ni Almasi

Shangazi yangu si mtu wa kupiga simu ovyo. Akipiga, ama kuna mtu amefariki ama kuna mbuzi amezaa watatu. Kwa hiyo simu yake ilipolia Ijumaa moja ya likizo ya Agosti, nikiwa uani kwangu mjini Wote nafua mapazia, nilipangusa mikono kwa leso na kuketi kwanza kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Mwaitu," akasema. Ananiita hivyo, yaani mama, kwa sababu mimi ni binti wa kwanza wa kaka yake na nilipewa jina la mama yao. "Hiyo shule yako iko na ile mizani ya kupima kitu kidogo?"

"Kidogo kama nini, shangazi?"

"Kidogo tu."

"Iko."

"Basi nakuja."

Akakata. Nilibaki nimeishika simu. Mimi hufundisha kemia katika shule ya upili ya wasichana, na mizani ya maabara tunayo, lakini shangazi anaishi Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, na mbuzi wake. Mume wake alifariki zamani, watoto wake wako Mombasa. Kutoka kwake hadi kwangu ni safari ya siku nzima. Mara ya mwisho kuja ilikuwa harusi ya mdogo wangu, na hata siku hiyo alilalamika kwamba mbuzi wameachiwa mtu asiyejua kuhesabu.

Alifika Jumamosi alasiri, kiondo begani, vumbi hadi kwenye nyusi. Akanywa maji vikombe viwili. Akauliza habari za kila mtu, mmoja mmoja, kama ilivyo desturi. Kisha akasema nifunge mlango.

Ndani ya kiondo kulikuwa na mkebe wa majani chai. Akaingiza vidole kwenye majani, akachimbachimba, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Fundo lilipofunguka, jiwe likabingirika juu ya meza yangu, likagonga bakuli la sukari na kusimama.

Nitasema ukweli: moyo wangu uliruka. Lilikuwa na ukubwa wa ncha ya kidole gumba, limelainishwa na mchanga wa mto kama pipi iliyokwisha kulambwa, isipokuwa upande mmoja uliokuwa bapa na unaong'aa kama umepigwa msasa. Lilikuwa angavu. Nililiweka juu ya kalenda nikaiona tarehe kupitia ndani yake, imepinda kidogo. Nililishika kwenye shavu, lilikuwa baridi kama maji ya mtungi, ilhali lilikuwa limesafiri kutwa nzima kwenye joto.

"Umelitoa wapi?"

"Mtoni. Nilikuwa nachimba maji." Mto wao ni mkavu mwezi wa Agosti; wanawake huchimba mchanga mpaka mkono uzame wote, kisha husubiri maji yachuruzike. "Nikachota na kikombe, nikasikia kitu kinalia ndani. Nikadhani ni kokoto. Nikaenda kuitupa, jua likaipiga." Aliinua kiganja kuonyesha jinsi jua lilivyopiga. "Mwaitu, nilikaa chini mchangani. Kikombe kilimwagika na sikujali."

"Umemwambia nani?"

"Mungu na wewe. Na Mungu hatangazi."

Tayari alikuwa amelifanyia majaribio yake. Alikwaruza nalo kioo cha dirisha lake, kikachorwa. Alisikia kwenye redio kwamba almasi haivunjiki, basi akaliweka juu ya jiwe la kusagia, akachukua nyundo ya marehemu mumewe, akaiinua.

"Ukapiga?" nikauliza, na nilijisikia nikipiga kelele.

"Mkono ulikataa. Nikasema, kama si almasi sijapoteza kitu, lakini kama ni almasi na redio imedanganya, nitamwambia nani?"

Nilileta chupa tupu ya soda. Jiwe lilipita juu yake kwa sauti ya kukera meno na kuacha mstari mweupe ambao kidole hakikuweza kuufuta. Nikakumbuka jambo lingine, kwamba almasi haishiki ukungu wa pumzi. Nikapumulia gilasi, nikapumulia jiwe. Ukungu wa gilasi ulikaa. Wa jiwe ukatoweka upesi. Nikarudia mara nne. Shangazi naye akapumulia, akapaliwa, akacheka.

Hapo mwalimu ndani yangu akaamka. Nikamweleza kwamba Ukambani kumejaa mawe meupe yanayong'aa yanayoitwa kwatzi, kwamba hayo pia hukwaruza kioo, kwamba wanafunzi huniletea kila muhula wakidhani wametajirika. Nikasema nadhani hili nalo ni kwatzi.

Akanitazama kwa utulivu. "Mwaitu, mimi nimekuja kwa mizani. Sikuja kuuliza wewe unaonaje."

Jumapili tulienda kanisani na jiwe likiwa ndani ya soksi, soksi ikiwa ndani ya kiondo, kiondo kikiwa katikati ya miguu yake. Mchungaji alipowaalika wageni wasimame na kusalimia, shangazi alisimama na kiondo mkononi, akasalimia kwa niaba ya washirika wote wa Tseikuru, akaketi bila kukiachilia. Aliimba kwa nguvu zote. Mimi sikusikia hata neno moja la mahubiri. Nilikuwa nafanya hesabu kichwani.

Jumatatu asubuhi tulikuwa langoni pa shule kabla ya bawabu kumaliza chai yake. Maabara yetu hutunzwa na mzee mmoja aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, mtu wa koti jeupe lililopigwa pasi hata wakati wa likizo, na ambaye kwa muda wote niliomjua alikuwa hajawahi kushangazwa na chochote. Alikuwa akihesabu mirija ya majaribio. Nikamwambia tunataka kupima jiwe la shangazi.

"Kwatzi," akasema, hata kabla hajaliona.

"Huyo ni ndugu yako?" shangazi akaniuliza.

Tulianza na kwatzi yenyewe, kipande kinachotumiwa na walimu wa jiografia. Hoja ilikuwa rahisi: mawe mawili ya aina moja hayawezi kuchorana kwa urahisi. Mzee wa maabara alishika kipande cha kwatzi kwa mkono mmoja na jiwe letu kwa mkono wa pili, akatafuta ncha, akasugua. Akapuliza unga. Akasugua tena. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa.

"Imechorwa kwatzi," akasema. "Jiwe liko salama."

Tulilipima jiwe kwenye mizani ya elektroniki, ile inayofunikwa kwa kisanduku cha kioo ili hata upepo usiiguse. Gramu kumi na nne nukta sufuri nane. Kisha tukalifunga kwa uzi, tukalining'iniza ndani ya maji bila kugusa chini, tukapima tena. Kumi nukta sufuri nane. Kila kitu kikiwa ndani ya maji huonekana kupungua uzito, na kiasi kinachopungua hukuambia kimechukua nafasi gani. Ukigawanya uzito wake kwa kile kilichopungua, unapata namba ambayo ni kama kitambulisho cha jiwe. Kioo cha kawaida hutoa mbili na nusu hivi. Kwatzi, mbili nukta sita tano.

Kumi na nne nukta sufuri nane, ugawe kwa nne. Hesabu ya darasa la sita. Niliandika kwa chaki ubaoni kwa sababu sikuamini kichwa changu.

3.52.

Nilienda kwenye kabati, nikatoa kitabu cha zamani chenye majedwali nyuma, nikashusha kidole polepole kwenye safu. Almasi: 3.52.

Sijui nilipiga ukelele wa namna gani. Bawabu alikuja mbio na rungu. Mzee wa maabara alikaa juu ya kigoda, akakaa vibaya, kikaanguka, naye akabaki amesimama amekishikilia mguu mmoja. Shangazi alinishika mabega.

"Ni nini? Imekataa?"

"Shangazi, imekubali! Namba ni ileile!"

"Ngai wakwa, Mungu wangu!" akasema, na akaanza kucheza. Mama wa miaka sabini, katikati ya meza za maabara, mabega yakipanda na kushuka kama wale wachezaji wa zamani, viatu vya raba vikilia sakafuni. Nikacheza naye. Bawabu, bila kuelezwa lolote, akapiga makofi. Mzee wa maabara ndiye aliyeturudisha duniani. Alipima upya, kutoka mwanzo, kwa uzi mwingine na maji mengine. Tatu nukta tano mbili. Akaandika namba hiyo kwenye daftari lake la kazi, akaweka sahihi chini yake.

Siku mbili zilizofuata sikuwa mtu wa kawaida. Nilitia chumvi kwenye chai. Nilimwacha mgeni mlangoni nikiongea peke yangu jikoni. Shangazi alilificha jiwe kwenye gunia langu la muthokoi, mahindi yale yaliyokobolewa, na kila nilipochota ya kupika tulikaa wote wawili tukiyachambua punje kwa punje kana kwamba tunatafuta sindano.

Tulipokuwa tukichambua alizungumza. Nilitarajia angetaja nyumba ya mawe, au shamba. Alisema anataka kisima kirefu chenye pampu, karibu na nyumba yake, na bomba la pili nje ya ua kwa ajili ya wengine. "Na nataka kupanda ndege," akaongeza, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Kwenda popote. Hata ikizunguka irudi palepale."

Mimi nami nilikuwa na ya kwangu, na sitayaficha. Hakuna mtu aliyeniahidi chochote, lakini kichwani nilikuwa nimekwisha nunua ploti nyuma ya ofisi za kaunti, nimekwisha acha kazi, nimekwisha chagua rangi ya lango. Nilipojigundua naijadili rangi ya lango na nafsi yangu, niliona haya. Lakini haya hiyo haikunizuia kuchagua kijani kibichi.

Tulihitaji mtu wa kutuambia kwa uhakika. Nikamkumbuka mwanafunzi wangu wa zamani, msichana aliyekuwa akiketi safu ya mbele na kubishana nami kuhusu kila jawabu. Alisomea mambo ya miamba chuo kikuu, na sasa ana chumba chake cha kazi Kitui mjini, ambako hukagua na kukata vito vinavyoletwa na wachimbaji wadogo. Nilimpigia, nikasema tu kwamba nina jiwe.

"Njoo nalo, mwalimu," akasema. "Usimwonyeshe mtu njiani."

Jumatano tulitoka Wote alfajiri, tukapitia Machakos, tukaingia Kitui saa nne. Chumba chake kilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu. Alikuwa amenenepa kidogo na amekata nywele, lakini macho ni yale yale ya kubisha. Alimwamkia shangazi kwa Kikamba, kwa heshima zote, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, akaagiza chai. Kisha akanawa mikono, akawasha taa nyeupe na kulipokea jiwe kwa koleo ndogo.

Alilitazama kwa kioo cha kukuzia kwa muda mrefu. Aliligeuza. Akaacha kutafuna ubani.

"Mwalimu, mlilifanyia nini?"

Nikamweleza: chupa, pumzi, kwatzi. Namba niliiweka akiba, kama mtu anayebakiza nyama.

Akatoa kifaa kama kalamu nene chenye ncha ya shaba na safu ya taa ndogo ubavuni. Akaeleza kwamba almasi hunyonya joto kuliko jiwe lolote, na kalamu ile huhisi joto linavyokimbia. Akavua pete yake ya uchumba yenye kito kidogo kuliko mbegu ya wimbi, akakigusa kwa ncha. Taa zikapanda zote hadi juu, kalamu ikalia *pii*.

"Hiyo ni almasi. Sasa yetu."

Shangazi alifumba macho. Mimi nilishika ukingo wa meza. Ncha ikagusa jiwe. Taa moja. Taa ya pili. Zikasimama hapo.

Akagusa upande mwingine. Taa mbili. Akalifuta jiwe kwa kitambaa, akasubiri lipoe, akagusa upande ule bapa. Taa mbili, na kimya. Nilisikia mtu chini dukani akiuliza kama kunde za muda mfupi zimefika.

"Kalamu yako haijaisha betri?" nikauliza. Mwalimu wa kemia, mtu mzima, nikauliza hivyo.

Akaigusa pete yake tena. *Pii.*

"Lakini tulipima!" nikasema, na nikaitoa akiba yangu. "Tatu nukta tano mbili! Mara mbili!"

Aliinua kichwa haraka. Nilidhani atabishana nami kama zamani. Badala yake uso wake ulifunguka.

"Tatu nukta tano mbili? Mko na uhakika?" Alikuwa amekwisha simama, anafungua droo. Akatoa kipande cha yakuti nyekundu, ghafi, cha pale pale Kitui, kigumu kuliko kila kitu isipokuwa almasi. Akamwomba shangazi ruhusa ya kuchora alama ndogo kabisa pembeni. Shangazi akakubali kwa kichwa. Yakuti ikapita, ikaacha mstari mwembamba kama unywele wa mtoto.

"Almasi isingechorwa na hii," akasema. "Shangazi, hii si almasi. Ni topazi. Uzito wa topazi na wa almasi unakaribiana sana, ndiyo maana mizani haikuweza kuzitenganisha. Mwalimu, si ulitufundisha wewe mwenyewe kwamba kipimo kimoja ni fununu?"

Nilifundisha hivyo, kweli. Nami kwenye jedwali nililisoma jina la almasi na kidole changu kikakataa kuendelea kushuka. Baadaye nilipokifungua kile kitabu tena, topazi ilikuwapo, ukurasa uleule, mistari michache chini.

Lakini wakati ule sikuwa nikifikiria kitabu. Nilikuwa namwangalia shangazi, na nilikuwa nimejiandaa kwa machozi.

"Kwa hiyo ni ya uongo," akasema taratibu.

"Hapana, shangazi. Ni topazi ya kweli."

"Ya kweli?"

"Ya kweli kabisa. Imetengenezwa ardhini, si kiwandani. Na mimi hapa kwangu hawajawahi kuniletea kubwa hivi, safi hivi. Hata nusu yake."

Shangazi akanigeukia, uso umeanza kuwaka upya. "Umesikia? Hajawahi kuona hata nusu!" Kisha akamgeukia yule binti. "Na ningepiga na nyundo?"

Binti akaweka koleo chini. "Nyundo gani?"

Tukamweleza. Akashika kichwa. Akasema topazi ina upande mmoja ambao hupasuka kwa urahisi kama kuni kavu, ule bapa tuliouona ndio huo, na kwamba pigo moja lingetosha kuligawa vipande. "Hata almasi usiipige nyundo, shangazi! Hiyo redio ikamatwe!" Shangazi alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani, na mimi nikaona nami nacheka, na lango langu la kijani likaenda zake.

Kilichofuata sikukitarajia. Binti yule hakutuuliza kama tunauza. Aliuliza mto ni upi, shangazi alichimba upande gani, mchanga ulikuwa na rangi gani, maji ya mvua ya Novemba hutokea kilima kipi. Maswali yalimtoka kama zamani, moja juu ya jingine, na shangazi alimjibu yote, akichora mto kwa kidole mezani kwa ile chai iliyomwagika. Nilikaa pembeni nikiwaangalia. Ijumaa hiyo tulikuwa Tseikuru, sote watatu, tumepiga magoti kwenye mchanga wa mto na chekecheke mbili na kikombe.

Kabla ya saa sita tulikuwa na rundo la kokoto angavu. Binti akatupa kipande cha kwatzi katikati yetu na kutufundisha kusugua: ile inayoshindwa kuchora, tupa. Tulitupa, tukatupa. Kisha shangazi akasugua moja, ndogo kama punje ya mtama, akasita, akasugua tena.

"Imeuma," akasema kwa sauti ndogo. Halafu kwa sauti iliyowatoa mbuzi ukingoni: "Imeuma kwatzi!"

Kalamu ilisema taa mbili. Tulikumbatiana tukiwa na mchanga hadi kwenye masikio, na ndani ya shimo maji yalikuwa yamekwisha kupanda bila mtu kuyatazama.

Lile jiwe kubwa shangazi alikubali likatwe. Alienda Kitui akaketi kando ya gurudumu la kukatia vito siku nzima, akikataa chakula, akisogeza uso karibu mpaka anarushiwa maji. Lilipotoka lilikuwa dogo kuliko lilivyoingia, na lilikuwa na nyuso nyingi zilizorusha mwanga hadi darini. Mnunuzi amekwisha lichukua. Kisima kinachimbwa kwa makubaliano na kanisa, ambalo limeongeza fungu lake. Ndege bado.

Siku hizi hunipigia simu mara mbili kwa wiki, na hakuna aliyefariki wala mbuzi aliyezaa. Wanawake wa mtoni humletea mawe. Anayo meza yake chini ya paa la mabati, kipande cha kwatzi, na ile yakuti aliyopewa na binti. Juzi alinipigia nikiwa darasani, nikatoka nje kumsikiliza.

"Mwaitu, leo nimepima kumi na saba," akasema, anahema. "Kumi na nne ni kwatzi, mbili ni chupa za bia. Lakini hii moja, sikiliza, hii moja ni ya kijani na imechora kwatzi. Uko na kile kitabu hapo karibu?"